Baiskeli ya baba: nilivyoamua kuipaka rangi badala ya kununua mpya

Fundi wa kwanza aliinama, akapitisha ukucha kwenye mstari mwembamba uliokuwa shingoni mwa fremu, pale bomba la chini linapokutana na bomba la usukani. "Mwanangu, hii imepasuka. Uza chuma chakavu, kanunue mpya." Hakuifuta hata vumbi. Wa pili, siku hiyohiyo, aliniambia haina neno: nipulizie rangi juu ya ile ya zamani, kesho nipande. Wote wawili walikosea, na ushauri wa namna hiyo ndio unaofanya watu watupe baiskeli nzuri au wapande mbovu iliyorembwa. Bado unaniudhi.

Baiskeli yenyewe ni ya chuma, magurudumu ya inchi 28, ya breki za fimbo. Ilikuwa ya baba. Nilijifunzia hiyohiyo nikiwa mdogo, mguu mmoja nimeupitisha chini ya bomba la juu kwa sababu nilikuwa sikifikii kiti. Sasa rangi nyeusi ilikuwa imebabuka, madigadi yameliwa na kutu, cheni inalia. Kwa hiyo sikatai kwamba mpya ilikuwa na haki ya kufikiriwa. Nilikwenda kuziangalia, nikajaribu mbili. Kwa pesa niliyokuwa nayo ningepata zile za daraja la chini, zenye springi mbele zinazoongeza uzito bila kukusaidia sana, na fremu fupi iliyofanya magoti yangu yakaribie kugonga usukani. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu: je, fremu ya baba ni nzima? Kama ni nzima, rangi ni kazi ya mikono. Kama imekufa, hakuna rangi ya kuifufua.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalojivunia kuliko rangi yenyewe. Ukucha hauwezi kukuambia kama mstari ni wa rangi au wa chuma, kwa kuwa rangi kuukuu hupasuka yenyewe, hasa kwenye maungio. Nilikuwa nimewahi kusikia namna mafundi wa zamani walivyokagua vyuma vya treni kwa mafuta na chaki, nikasema nijaribu. Nilikwangua rangi shingoni, upana wa vidole vitatu kuzunguka mstari, mpaka chuma kikang'aa. Nikachanganya mafuta ya taa na oili kidogo ya injini, nikapaka, nikaacha usiku kucha ili mafuta yapenye popote penye mwanya. Asubuhi nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikafuta tena kwa kingine, mpaka kitambaa kikawa hakichukui kitu. Kisha nikasaga chaki nyeupe iwe unga, nikaikoroga kwenye spiriti, nikapaka utando mwembamba na kuuacha ukauke. Kama chuma kimepasuka, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe.

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya ile fremu kama saa nzima. Nikaigongagonga kwa mpini wa bisibisi ili mafuta yachokozeke. Chaki ilibaki nyeupe. Ule mstari uliotakiwa kuipeleka baiskeli ya baba kwenye mizani ya chuma chakavu ulikuwa ufa wa rangi tu.

Kwa furaha hiyo nikaamua kukagua kila ungio: chini ya kiti, kuzunguka nyumba ya kranki (mhimili wa pedali), foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) pande zote mbili, hadi kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli. Na kwenye sikio la kulia, upande wa cheni, ambako hakuna fundi hata mmoja aliyetazama, ukajitokeza mstari mweusi wa urefu wa punje ya mchele. Huo ulikuwa ufa wa kweli. Niliumia, lakini nilishukuru pia, maana chuma kina rehema: mchomeleaji aliulehemu kwa shaba, kazi ya muda mfupi, na hajanitoza pesa ya kutisha. Fikiria ningemsikiliza fundi wa pili. Moto wa kulehemu ungeunguza rangi yote mpya ya nyuma, au mbaya zaidi, nisingeujua ufa mpaka siku gurudumu linaponitoka nikiwa na mzigo.

Niseme wazi kwamba ningekuwa na fremu ya alumini yenye ufa huo, ningenunua mpya bila kubishana. Alumini nyingi ya baiskeli hupata nguvu zake kwa kupashwa moto maalumu kiwandani, na ukiichomelea unailegeza pale pale unapotaka iwe imara. Sijui kwa nini watu hawaulizi hili kwanza kabla ya kuuliza rangi gani inapendeza. Sumaku ndogo inakujibu mara moja: ikinata, ni chuma.

Kufungua vitu sitakusimulia. Kumbuka tu kwamba pedali ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, na kikombe cha kulia cha kranki kwenye fremu nyingi za mtindo wa Kiingereza ni vivyo hivyo. Nilipoteza jioni nzima nikikaza kitu nilichodhani nakifungua. Rangi ya zamani niliitoa kwa msasa wa maji, na ninasisitiza maji, kwa sababu rangi nyingi za enzi hizo zilitiwa madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta. Nilianza na msasa namba 80 kwenye kutu, nikapanda 120, nikamalizia na 240 ili praima, yaani rangi ya chini, ipate pa kushika.

Basi nikapaka praima kwenye foku kwanza, kwa majaribio. Ilipokauka nikapuliza rangi. Mbele ya macho yangu rangi ikaanza kukimbia yenyewe, ikajitenga na kuacha vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki, kimoja, viwili, kisha foku nzima. Nikadhani rangi ni mbovu. Nikangoja, nikapuliza tena nene zaidi ili kuvifunika, na safari hii ikatiririka na kuganda kama nta ya mshumaa. Nikatoka nje, nikaishika ile foku juani, nikainusa. Mafuta ya taa. Yale yale niliyoyafurahia wiki iliyotangulia yalikuwa yamebaki kwenye vinyweleo vya chuma na ndani ya bomba, na rangi haikai juu ya mafuta.

Niliitoa yote. Safari ya pili niliosha fremu nzima kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, nikakausha, kisha nikafuta kwa tina (kiyeyusho cha rangi) nikiwa na vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinafuata nyuma yake kabla tina haijakauka. Ukitumia kimoja tu unahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Baada ya hapo sikuigusa kwa mkono mtupu. Nikaning'iniza fremu kwa waya uliopita kwenye bomba la usukani ili niweze kuizunguka, nikapuliza matabaka membamba kiasi kwamba la kwanza lilionekana kama ukungu na praima ikichungulia. Matabaka manne, labda matano. Kila moja nililingoja dakika kama 15. Siku yenye unyevu hewani niliacha kabisa, maana rangi hupauka.

Niliambiwa nipeleke kwenye rangi ya unga, ile inayookwa kwa joto la nyuzi 200 hivi. Ni imara kweli, na kwa baiskeli ya kazi ngumu ningeichagua. Lakini chini ya bomba la juu baba alichora herufi za jina lake kwa msumari, na kule fremu hupigwa mchanga kwanza. Herufi zingekwenda. Nilizifunika kwa utepe wa karatasi tangu mwanzo, nikaubandua utepe huo rangi mpya ilipokuwa bado laini kidogo ili ukingo usipasuke, nikapaka vanishi angavu juu ya ile rangi kuukuu.

Pesa? Sikutunza risiti zote, lakini jumla ilifika kama theluthi mbili ya bei ya zile mpya nilizojaribu. Rangi, msasa na tina vilikuwa sehemu ndogo. Vilivyokula pesa ni tairi mbili, tyubu, gololi mpya, cheni na friwili (gia ya meno ya gurudumu la nyuma). Cheni niliipima kwa rula: kutoka pini moja hadi pini ya 24 baada yake panapaswa kuwa inchi 12 kamili, na yangu ilikuwa imepita inchi 12 na moja ya nane. Ukifika hapo cheni inakuwa imeshakula na meno ya friwili, kwa hiyo badilisha vyote pamoja. Anayekuambia kupaka rangi ni bei ya kutupa ukilinganisha na kununua hajahesabu haya, na anayekuambia bei ni ileile hajahesabu kilichopo: fremu inayolingana na miguu yangu na kitovu cha gurudumu ambacho bado hakijalegea.

Sehemu iliyonishinda subira ni kungoja. Rangi hushikika siku ya pili, lakini ndani bado ni laini. Niliiacha ikining'inia karibu wiki tatu kabla ya kufunga klampu za breki na kiti, na wanaofunga mapema ndio wanaolalamika rangi imebanduka kwenye vifungo.

Rangi iliyobaki nimeimimina kwenye kopo dogo lenye kifuniko, na ndani nimetia gololi tatu za zamani za kuikorogea. Nimeshaifungua mara mbili, mara zote kwa mikwaruzo ya mnyororo wa kufuli.