Kutoka Tabora Kwenda Kuzamia Kigoma

Nilijifunza kuzamia na mtungi wa hewa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ujuzi ule ni mali ya pwani. Kazi iliponihamishia Tabora, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, nilifunga miwani, mapezi na suti ya mpira ndani ya sanduku, nikalisukuma chini ya kitanda. Lilikaa humo mwaka mzima na nusu. Kila nilipofagia chumba nililigusa kwa ufagio, na kila mara moyo uliniuma.

Mtu anayeishi bara akitaka kuzamia huanza kutazama kila maji kwa jicho jingine. Nilianza na Bwawa la Igombe, ambalo ndilo maji makubwa yaliyo karibu na mji wetu, lakini maji ya bwawa yana tope na mkono ukizama hadi kwenye kiwiko hauonekani tena. Ziwa Victoria ni pana mno, ila halina kina kikubwa, na sehemu nyingi za ufukweni maji yake ni ya kijani kwa mwani. Ziwa Nyasa ni safi, na upande wa Malawi zipo shule za kuzamia Nkhata Bay na Cape Maclear, lakini kutoka Tabora safari hiyo ni ndefu na ya kuvuka mpaka. Likabaki Tanganyika. Nilishangaa kwamba sikuwa nimelifikiria kwanza, wakati treni inayopita Tabora inakwenda kuishia ukingoni mwake.

Nilipanda treni jioni, mwishoni mwa Agosti. Tulipita Urambo na Kaliua usiku, na kulipopambazuka tulikuwa tunakaribia Uvinza, kwenye chumvi, ambako akina mama walikuja madirishani na vifuko vyeupe. Baada ya hapo reli hushuka kidogo kidogo, na mteremko huo ulikuwa na maana kubwa kwangu kuliko kwa abiria wenzangu. Tabora ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Tanganyika upo karibu na mita 770. Kwa kawaida mzamiaji anayetoka pwani kwenda kwenye ziwa la juu hutakiwa kutulia kwanza, ili naitrojeni, gesi ya hewa aliyobeba mwilini, ipungue kufuatana na hewa nyepesi ya huko. Mimi nilikuwa natoka juu kwenda chini, kwa hiyo kwenda hakukuwa na shida. Shida ingekuwa kurudi, na nitaieleza mbele.

Mwenyeji wangu Kigoma ni kijana ambaye kwa miaka kadhaa amewazamia watafiti wa samaki, naye ana kompresa yake ndogo ya kujazia hewa na mitungi minne. Hakukubali tuingie majini siku ile ile. Alinipeleka kwanza Katonga, kwenye mwalo, tukatoa taarifa kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, kisha akanikalisha mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha nyavu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Unataka kwenda chini kufanya nini?”

Nilimwambia nataka kuona tu. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna ramani yoyote ingeniuliza: “Unataka kuona mawe, au unataka kuona mchanga?” Alieleza kwamba kusini mwa Ujiji, unakoingia mto Luiche, maji huchafuka hasa wakati wa mvua, na tope hufunika mawe hata samaki wa mawe wakahama. Penye mwamba unaoshuka wima maji ni meusi kwa mbali, maana yake ni safi na kina ni kikubwa. Penye mchanga yana rangi ya samawati iliyopauka. Alituonya tusikaribie matete, kwa sababu huko kuna mamba na kuna konokono wa kichocho, na kwenye mawe tusiingize mikono mapangoni, kwa sababu yuko nyoka wa majini, jamii ya swila, anayekula samaki. Kwa dakika 20 mzee yule alinipa zaidi ya yote niliyokuwa nimesoma kwa miezi miwili, na tangu siku hiyo ninaamini kwamba mahali pa kuzamia mbali na bahari huulizwa kwa wavuvi kabla ya kwingine kokote.

Tuliondoka asubuhi iliyofuata kwa boti ya mbao, kabla upepo wa mchana haujaamka. Hesabu ilikuwa imeshafanywa usiku. Kwa mwinuko ule, kanieneo ya hewa juu ya maji ni pungufu kwa karibu asilimia 9 ukilinganisha na pwani, kwa hiyo mita 18 za Kigoma tulizihesabu kwenye jedwali la wazamiaji kama mita 20 za baharini, na tukaamua kupanda polepole zaidi kuliko nilivyozoea. Kilichonishinda ni uzito. Baharini huvaa kilo 6 za madini ya risasi kwenye mkanda, za kunizamisha. Mwenyeji wangu aliniambia nipunguze, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hayamwinui mtu sana, nami kwa mazoea nikaona kupunguza kilo moja kunatosha. Nilizama kama nanga. Nilitua mchangani kwa magoti, vumbi likapanda, na kwa dakika nzima sikuona hata mkono wangu. Tulirudi juu, tukatoa kilo nyingine, na mbizi ya pili nikaanza nikiwa na kilo 4, nikielea sawasawa.

Kiswahili huyaita maji ya maziwa na mito maji baridi, na nilikuwa nimejiandaa kwa baridi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 26. Kitu cha kwanza kilichonigusa kilikuwa ladha: maji yalipenya kidogo mdomoni, nikasubiri chumvi, haikuja. Mbele yangu mwamba ulishuka hadi gizani. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini upande huu wa kaskazini oksijeni huisha takriban mita 100 tu chini ya uso. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ziwa haina samaki, na uhai wake wote umebanana katika tabaka la juu, kwenye kingo, hapo hapo anapoweza kufika mzamiaji mwenye mtungi mmoja. Sijui bahari inayomkarimu mgeni namna hiyo.

Kwenye mita 9 mwamba ulikwisha na mchanga ukaanza, umetapakaa makombe ya konokono waliokufa. Nilifikiri ni makombe matupu. Nililala kifudifudi, nikapumua polepole, na baada ya muda kombe la karibu nami likatoa kichwa: samaki mwembamba, mfupi kuliko kidole changu cha shahada, macho yamezungukwa na mstari wa buluu. Alinitazama. Nilipotoa mapovu alirudi ndani kinyumenyume, kisha akachungulia tena. Alibeba mchanga kwa mdomo na kuutema nje ya mlango wake, punje kwa punje, kana kwamba sipo. Jamii yake, ile ya sato, ina spishi zipatazo 250 katika ziwa hili, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Mbele kidogo mwenyeji wangu alinigusa bega. Kwenye uwazi wa mchanga kulikuwa na samaki wakubwa wawili aina ya kuhe, kila mmoja na urefu wa mkono, na katikati yao wingu la vifaranga vidogo kama mbegu za nyanya. Nilisogea, na mmoja wao akanijia moja kwa moja mpaka karibu na miwani, akasimama, mapezi yametanuka. Nikarudi nyuma. Hakunifuata zaidi ya hatua tatu.

Mbizi yetu ya mwisho ilikwisha saa nne asubuhi siku ya tatu, na hapo ndipo suala la kurudi lilipoingia. Kupanda treni kutoka ziwani kwenda Tabora ni kupanda zaidi ya mita 400 angani huku mwili bado una naitrojeni inayoweza kugeuka mapovu na kumdhuru mtu, na chumba cha kutibia wazamiaji kipo pwani, mbali mno na Kigoma. Nilijipa saa 24 kamili, ingawa treni iliondoka usiku ule na ilinibidi kusubiri nyingine. Sikujuta. Nilirudi Katonga jioni, nikiwa na kilo mbili za sukari, nikamkuta mzee palepale na nyavu zake. Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinaanza kuwaka moja moja.

Alitaka kujua kila kitu. Nilimweleza habari za kuhe na wanawe, jinsi baba na mama walivyosimama pande mbili, na jinsi yule mmoja alivyonijia usoni. Mzee aliacha uzi.

“Wote wawili?”

“Wote wawili, mzee.”

Alinyamaza kitambo. “Miaka arobaini ninamvua yule samaki,” akasema. “Kuna wakati anang'ata ndoano isiyo na chambo, na ukimpasua tumbo ni tupu. Tulikuwa tunasema ana hasira tu.” Alitazama majini, kule mawe yalikoishia. “Kumbe alikuwa anafukuza.”