Namna shirika letu lilivyopata zabuni ya kuwaandaa wanafunzi wenye ulemavu kwa ajira

Idara ya jimbo letu hapa Marekani inayowasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, ambayo kwa mazoea sote tunaiita VR, ilitangaza kwamba inatafuta watoa huduma watakaowaandaa wanafunzi wa sekondari kwa ajira kwa gharama ya serikali. Shirika letu, ambalo hadi wakati huo lilijulikana zaidi kwa ukalimani na kwa kuwafundisha wazee maswali ya mtihani wa uraia, liliomba na likapewa mkataba. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi na viongozi wa jumuiya za Waswahili na Wakongomani wa majimbo mengine, kuanzia Louisville hadi Des Moines, jinsi shirika dogo lisilo na mwanasheria wala mhasibu wa kudumu linavyoweza kufika huko. Jibu langu huanza na jambo moja ambalo wengi hawapendi kulisikia: serikali hainunui programu yako hata ikiwa nzuri kiasi gani. Inanunua saa za huduma ambazo sheria imekwisha kuzitaja.

Sheria yenyewe inafaa kuisoma kabla ya kusoma tangazo. Mwezi Julai 2014 Rais Barack Obama alitia saini sheria inayofahamika kwa ufupisho WIOA, ambayo iliifanyia marekebisho sheria ya mwaka 1973 kuhusu huduma kwa watu wenye ulemavu na kulitaka kila jimbo litenge angalau asilimia 15 ya mgawo wake wa fedha za VR kutoka serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Kwa kawaida, katika kila dola 100 zinazotumika kwenye huduma za VR, serikali kuu huchangia dola 78.70 na jimbo dola 21.30. Ile asilimia 15 imefungiwa wanafunzi, haiwezi kuhamishiwa matumizi mengine, na kwa sababu hiyo idara yenye watoa huduma wachache hujikuta na fedha isiyo na pa kuipeleka. Mwombaji akilielewa hilo haendi kwenye ofisi ya serikali kama mtu anayeomba hisani.

Huduma zinazonunuliwa ni tano, na maofisini zote kwa pamoja huitwa Pre-ETS: kumsaidia mwanafunzi kuzifahamu kazi mbalimbali zilizopo, kumpeleka akajifunze kwa vitendo mahali pa kazi, kumshauri kuhusu vyuo na mafunzo ya baada ya sekondari, kumfundisha stadi na mwenendo unaotakiwa kazini, na kumfundisha kujisemea mwenyewe na kudai anachostahili. Sisi tayari tulikuwa na darasa la vijana kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, na katika rasimu ya kwanza mwenzangu alikuwa amelieleza darasa hilo kwa kurasa kadhaa za kupendeza. Tuliziweka kando. Badala yake tulichukua ratiba ya darasa tukaipasua saa kwa saa, na mbele ya kila saa tukaandika ni ipi kati ya zile huduma tano. Mazoezi ya kuhojiwa na kuandika wasifu yaliingia bila shida, na ziara ya kwenye ghala la mizigo, ambako wazazi wengi wa vijana wetu wameajiriwa, iliingia kama kuzifahamu kazi. Saa ya kuwasaidia wanafunzi kazi za shule haikuwa na pa kuingia, kwa sababu elimu ya mwanafunzi mwenye ulemavu ni wajibu wa shule yake kisheria na fedha hizi haziruhusiwi kuibebea shule mzigo huo, kwa hiyo tuliitoa katika maombi na tunaendelea kuigharimia kwa michango yetu.

Kuhusu makaratasi sitakaa sana, kwa kuwa kila tangazo huorodhesha yanayotakiwa: namba ya mwajiri kutoka mamlaka ya kodi, fomu ya W-9 ya kumpa mlipaji namba yenu ya kodi, usajili katika mtandao wa manunuzi wa jimbo, na kwa upande wetu pia namba ya UEI ya kulitambulisha shirika, ambayo tangu Aprili 2022 ndiyo inayotumiwa na serikali kuu badala ya ile ya zamani ya DUNS. Kila mfanyakazi atakayekutana na wanafunzi lazima achukuliwe alama za vidole na kuchunguzwa rekodi zake. Cheti cha bima ya dhima, yaani bima ya kufidia madhara mnayoweza kuwasababishia wengine, nacho hakitoshi kuonyesha tu kwamba mna bima, kwani mara nyingi jimbo hutaka litajwe ndani yake kama mhusika anayelindwa pia, na wakala wa bima huhitaji muda kulishughulikia. Anayesubiri hadi wiki ya mwisho hujitafutia presha isiyo na sababu.

Kipindi cha maswali ndicho ningependa mwombaji yeyote akitumie vizuri kuliko tulivyozoea katika jumuiya zetu, ambako kuuliza maswali mengi ofisini huonekana kama kujidhalilisha au kumsumbua mkubwa. Utaratibu ni kwamba maswali huandikwa, hupelekwa kabla ya tarehe iliyowekwa, na majibu hutangazwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza. Sisi tuliuliza kama saa za mkalimani zitalipwa peke yake. Jibu lilikuwa kwamba hazitalipwa: mtoa huduma aziweke ndani ya bei yake ya saa. Sentensi ile moja ilibadilisha hesabu yetu yote, na nina hakika ilibadilisha hesabu za wengine pia.

Sasa nije kwenye bei, kwa maana hapo ndipo mashirika madogo huzama. Jedwali la bei lilikuwa na nafasi mbili kwa kila huduma, moja ya mwanafunzi akiwa peke yake na nyingine ya kundi. Kishawishi ni kuandika bei ndogo ili uonekane nafuu. Lakini saa moja ambayo serikali inailipia huburuta nyuma yake muda ambao haulipiwi: kuendesha gari kwenda shuleni, kuandika taarifa, kumpigia mzazi simu jioni anapotoka zamu, kuhudhuria kikao cha walimu. Tuseme mfanyakazi analipwa dola 22 kwa saa, na kila saa ya huduma inafuatwa na dakika 45 za kazi za namna hiyo. Mshahara wa saa hiyo moja tayari umekuwa dola 38.50, na ukiongeza asilimia 7.65 ambayo mwajiri huchangia katika hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, unavuka dola 41 kabla hujanunua petroli, hujalipa bima, hujamlipa mkalimani wala kodi ya ofisi. Anayeandika dola 35 katika jedwali lile anaahidi kutoa ruzuku kwa serikali ya Marekani kutoka katika sadaka za waumini. Tuliandika bei inayotufaa, tukaambatanisha ukurasa mmoja wa mchanganuo, na kwa upande wa kundi tukaweka kikomo cha wanafunzi sita, kwa sababu kundi la wanafunzi kumi na tano wenye mahitaji tofauti, nusu yao wakisubiri tafsiri, halifundishiki.

Katika sehemu ya maelezo tulijieleza kwa kile ambacho wazabuni wakubwa hawana. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyokuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, zaidi ya 16,000, na watoto wa familia hizo na za miaka iliyofuata ndio waliojaa sasa katika madarasa ya sekondari. Miongoni mwao wapo wenye ulemavu ambao hawajawahi kufikiwa na huduma hii kwa sababu barua iliyotumwa nyumbani ilikuwa ya Kiingereza na ikaishia kwenye droo. Tulieleza kwamba tunazijua nyumba hizo na tunaongea lugha ya humo, tukaambatanisha barua za walimu wawili wa elimu maalumu waliowahi kutuona tukifanya kazi.

Baada ya mkataba kutiwa saini, mlango uliokuwa mgumu zaidi ulikuwa wa wazazi. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hahudumiwi bila saini ya mzazi, na kumbukumbu zake za shule zinalindwa na sheria ya faragha ya mwaka 1974, hivyo shule haiwezi kutukabidhi majina tu. Mama mmoja kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, ambaye mwanawe ana usikivu hafifu, alitukaribisha vizuri, akatupa chai, akaisikiliza fomu yote ikisomwa, kisha akasema, "Mwalimu, mukimuandika humo, si watasema mtoto wangu ni mugonjwa mpaka azeeke?" Hofu hiyo haina ujinga ndani yake. Mtu aliyeishi kambini anajua kwamba jina likishaingia kwenye orodha, hakuna ajuaye litatokea wapi tena. Nilimjibu, "Mama, jina lake tayari liko shuleni katika IEP, ule mpango wa masomo uliousaini mwaka jana, na huu hauongezi ugonjwa wowote juu ya ule." Hilo ni kweli kisheria pia, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kupokea huduma hizi kama mtu anayetarajiwa kustahili, kwa ushahidi tu kwamba ana ulemavu, bila kufunguliwa jalada kamili la VR. Hakusaini siku ile. Alisaini baada ya kuongea na mama mwingine wa kanisani kwao ambaye binti yake alikuwa amekwisha kuanza, na tangu hapo tumejifunza kumtanguliza mzazi kwa mzazi mwenzake kabla ya kwenda na karatasi.

Kijana huyo, akiwa na miaka 17, tulimtafutia nafasi ya kujifunza kwa malipo katika chumba cha kufulia cha hoteli moja. Kazi ilikuwa kutoa taulo kwenye mashine ya kukaushia, kuzikunja mara tatu kwa urefu na kuzipanga kingo zikiangalia upande mmoja. Kukunja hakukumshinda. Kilichokuwa tatizo ni kwamba mashine hulia ikimaliza, naye mlio hausikii, kwa hiyo alikuwa akisimama karibu nayo kuigusa kama bado inatikisika huku meza ikimsubiri. Mfanyakazi wetu angeweza kwenda kumweleza msimamizi kwa dakika mbili yakaisha. Badala yake alikaa na kijana huyo mapumzikoni wakafanya mazoezi ya sentensi tatu za Kiingereza, na mwenyewe akaenda kumwambia msimamizi kwamba hasikii mlio, kwamba anaweza kuangalia taa, na kwamba maagizo marefu aandikiwe. Msimamizi aliigeuza meza ya kukunjia ili iikabili taa ya mashine. Katika taarifa ya mwezi tuliandika saa hiyo kuwa ya kujisemea, tukaeleza nani alisema nini, na mshauri wa VR akatupigia simu kusema taarifa za namna hiyo ndizo anazozitaka.

Si kila nafasi inafaa. Vijana wetu wengi wanataka kuendesha forklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, kama baba zao, lakini sheria ya kazi ya serikali kuu hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuiendesha. Wenye miaka 14 na 15 hawaruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 3 katika siku ya shule wala zaidi ya saa 18 katika wiki ya masomo, na katika kipindi cha masomo lazima watoke kabla ya saa moja jioni. Zipo pia sehemu zenye kibali cha kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, ambacho kwa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Sheria ya 2014 imeweka vikwazo kabla kijana mwenye miaka 24 au pungufu hajapelekwa huko, na sisi kwa uamuzi wetu hatumpeleki mwanafunzi yeyote katika sehemu za aina hiyo.

Kuhusu malipo, mambo mawili yanahitaji kushikwa barabara. La kwanza ni idhini: saa iliyotolewa kabla mshauri hajatoa idhini ya maandishi kwa mwanafunzi huyo na kwa huduma hiyo hailipwi, hata kama ilimfaa mtoto sana. La pili ni kwamba fedha huja baada ya kazi. Mnafanya kazi mwezi mzima, mnapeleka ankara pamoja na taarifa ya kila saa, inakaguliwa, wakati mwingine inarudishwa kwa sababu ya tarehe moja isiyolingana, na huku mishahara haingoji. Tulianza na mkataba wa kulipwa kwa saa, ambao hauahidi idadi ya wanafunzi wala hauwabani sana, badala ya kukimbilia mkataba mkubwa wa ruzuku wenye ukaguzi wake mzito, na hata hivyo tulilazimika kuweka akiba ya mishahara ya miezi mitatu kabla ya kuajiri. Shirika lisilo na akiba hiyo ningelishauri lianze kama mkandarasi mdogo chini ya mtoa huduma mwingine, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja siku ya kulipwa.

Mkataba ulipofika wakati wa kuhuishwa tuliongeza bei ya huduma ya mwanafunzi mmoja mmoja, kwa sababu mchanganuo wa muda halisi tuliokuwa tukiuandika ulionyesha kwamba safari za shule za nje ya mji zilikuwa zikila faida yote, na idara ilikubali baada ya kuomba kuuona. Huduma ya ushauri wa vyuo tuliiachia shirika jingine lenye watu wanaofanya kazi na vyuo kila siku, nasi tukabaki na zile nne tunazozimudu.