Tarumbeta kwenye karatasi ya chelo

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, Walutheri wa Ujerumani husoma majina ya waliofariki mwaka ule, na kwa kila jina huwashwa mshumaa. Mwaka 2016 siku hiyo iliangukia tarehe 20 Novemba. Nilikuwa Leipzig, mwezi wa nane wa mwaka wangu wa kujitolea katika nyumba ya kulelea wazee. Katika majina yaliyokuwa yasomwe kwenye ukumbi wetu wa chakula, manne yalikuwa ya watu niliowaogesha na kuwalisha kwa mikono yangu. Mmoja wao ni mzee wa chumba namba 12. Nilipoharakisha kijiko, aliinua kidole kimoja bila kusema neno, nami nikapunguza mwendo. Alifariki Agosti.

Muziki wa siku hiyo ulikuwa mikononi mwa bibi mmoja, mkazi wa nyumba ileile, aliyefundisha piano maisha yake yote. Nilimwita Mwalimu, kwa Kiswahili, na alipenda. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, vipande vikubwa vilishamtoka. Kilichobaki mikononi mwake ni Spiegel im Spiegel, yaani kioo ndani ya kioo, kazi ya Arvo Pärt wa Estonia. Pärt aliiandika mwaka 1978, miaka miwili kabla ya kuondoka kwao, akiwa ametoka kwenye ukimya wa miaka kadhaa na mtindo mpya aliouita tintinnabuli, neno la Kilatini la kengele ndogo. Piano hapo haina papara. Inapanda noti tatu, halafu tatu nyingine, moja baada ya nyingine, kwa upole uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na mara kwa mara noti moja ya juu au ya chini inalia peke yake kama kengele ya mbali.

Mwalimu alikuwa na jalada la kijani lililojaa karatasi za kipande hicho kimoja tu: ya fidla, ndiyo ya kwanza kabisa, halafu viola, chelo (fidla kubwa ya sauti nzito), klarineti, honi. Ndani ya jalada, kwa penseli, alikuwa ameandika kila ala aliyowahi kuisindikiza, na tarehe yake. Majina ya wapigaji hakuyaandika.

Siku ya Ijumaa ikaja habari kwamba mpiga chelo tuliyemtegemea yuko kitandani na homa. Mwalimu akanitazama.

"Wewe si una lile tarumbeta lako?"

Lilikuwa tromboni, ila kwetu Kilimanjaro vyote vya shaba ni tarumbeta. Nilianza kulipiga nikiwa na miaka 13 kwenye kikundi cha usharika. Hata nota za mistari nilizijulia hapo, wakati wenzangu wa kwaya wakisoma do-re-mi za ubaoni. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani kwetu mwaka 1893, na mimi nikaja Leipzig na shaba begani. Jambo hilo lilinigusa moyo tangu siku ya kwanza. Tena tromboni na chelo husoma ufunguo mmoja, ule wa besi, kwa hiyo karatasi ya chelo niliisoma moja kwa moja bila kugeuza noti hata moja.

Kwa mtu wa kwaya nitaeleza hivi. Wimbo uko F, kwa hiyo F ndiyo do. Sauti inayoimba juu ya piano inaanza na re, mi. Basi, imeisha. Inasubiri, halafu fa, mi. Kisha do, re, mi. Kisha so, fa, mi. Inapanda, inashuka, na safari inarefuka kwa noti moja moja, lakini kila safari inaishia kwenye mi. Pärt mwenyewe amesema kurudi huko ni kama kurudi nyumbani baada ya kuwa mbali. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nyumbani kwake si do. Do ingefunga mlango. Mi inauacha wazi kidogo, na nadhani ndiyo maana unaweza kuusikiliza dakika nane au kumi usione mwisho wake.

Jumamosi tulifanya mazoezi, nikaharibu. Sisi tumezoea kupiga tukitembea mbele ya jeneza katikati ya migomba, na sauti sharti ifike ng'ambo ya korongo ili waliobaki majumbani wajue kaburi linafunikwa. Nilipopuliza re ya kwanza, vikombe vililia kabatini. Mwalimu hakukasirika. Aliweka diski iitwayo Alina, ile iliyotoka 1999, ambamo kipande hiki kimepigwa mara tatu: kwa fidla, kwa chelo, kisha kwa fidla tena. Nikafumba macho. Noti zilikuwa zilezile, lakini fidla ilikuwa kama mtu anayetazama kwa mbali, na chelo ilikuwa imeketi karibu yangu.

"Wao wana upinde wa kusugulia nyuzi," nikamwambia. "Upinde unageuka. Mimi pumzi itakatika katikati ya mstari."

"Ikatike," alisema. "Vuta nyingine, tusikie ukivuta."

Jumapili saa tisa ukumbi ulijaa viti vya magurudumu. Nyuma kulikuwa na mashine ya oksijeni ya bibi mmoja, ikivuma na kutua. Mchungaji alisoma majina 17. Lilipofika la chumba namba 12, binti yake alinyanyuka kuwasha mshumaa, na kiberiti kikagoma mara mbili. Kisha Mwalimu akaanza noti zake tatu tatu.

Mistari ya kwanza ilikwenda. Nilipiga kwa sauti ndogo kuliko nilivyowahi kupiga, midomo ikitetemeka kwa kuzuia, na kila nilipovuta pumzi niliisikia ikiingia katikati ya mivumo ya ile mashine. Ndipo kwenye mstari mmoja mrefu wa kushuka nikakosea kuhesabu, nikaingia kipimo kimoja mapema. Katika muziki wenye noti nyingi kosa hilo lingefunikwa. Humu hakuna pa kujificha. Nilinyamaza. Mwalimu hakugeuka wala hakukimbiza kidole. Noti tatu, noti tatu. Katika kusubiri huko nilikiona kile kidole cha mzee kikiinuka juu ya kijiko, wazi kabisa, na machozi yakanijaa. Kipimo kilipotimia niliingia upya, nikashuka hatua kwa hatua hadi mi, nikaishikilia mpaka hewa yote ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi, siku ile hawapigi. Wahudumu walianza kusukuma viti kuelekea kwenye kahawa. Nilikuwa nimeinama namwaga maji ya tromboni juu ya kitambaa Mwalimu aliponiomba nimletee jalada la kijani na penseli. Alilifungua magotini. Mkono ulimchukua muda kuushika ule wembamba wa penseli, nami sikumsaidia. Chini ya honi akaandika tromboni, kwa Kijerumani: Posaune, 20.11.2016.