Raga ya 13 ilinifunza kuinuka

Nilipohamia Hull, mji wa kaskazini mwa Uingereza, nilijiona mchezaji tayari. Nilikuwa nimecheza raga Nairobi miaka saba, ile ya wachezaji 15. Mzee mmoja wa ghala tunalofanya kazi akaniuliza, "Ipi? Ya 15 au ya 13?" Sikujua kwamba huku hilo ni swali zito kama la dini.

Raga ya 13 chimbuko lake ni Huddersfield, mji wa huku huku kaskazini, mwaka 1895. Wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodini na viwandani. Wakiacha zamu ya Jumamosi ili wacheze, walitaka wafidiwe mshahara. Wakubwa wa mchezo wakakataa, klabu zikajitoa. Habari hiyo iliniingia mara moja, maana mimi mwenyewe nilikuwa nabembeleza watu tubadilishane zamu ili niwahi mazoezi.

Kukaba hakukunisumbua. Kilichonitoa jasho ni kuinuka. Kule nilikokulia, ukiangushwa unaachia mpira, wenzako wanarundikana, na chini ya rundo unaiba sekunde mbili za kupumua. Hapa hakuna rundo. Unasimama, unamtazama aliyekuangusha, unaweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa unyayo. Mechi yangu ya kwanza ya majaribio niliuachia nikiwa bado nimelala. Ukaokotwa, tukafungwa trai. Kocha hakunifokea, alicheka tu. Afadhali angefoka.

Tena wapinzani wakiwa na mpira, kila mkimwangusha mmoja mnarudi mita 10, halafu mbele tena kumpokea mwingine. Wana nafasi sita za kuangushwa kabla ya kuwaachia ninyi mpira.

Basi nikaanza kwenda peke yangu uwanja wa nyuma ya nyumba, jioni baada ya zamu. Naweka buti moja la kazi hapa, jingine mita 10 nyuma. Kifua chini, juu, unyayo kwenye mpira, kinyumenyume hadi buti la pili. Mara sita, napumzika dakika moja, naanza upya. Wiki ya kwanza nilitapika nyuma ya mti. Mwezi wa tatu mtoto wa jirani alikuwa akinihesabia kwa sauti, na nikikosea ananirudisha mwanzo, bila huruma.

Msimu uliofuata klabu moja ndogo ilinipa mkataba wa kulipwa kwa mechi: tukishinda zaidi, tukifungwa kidogo. Pesa hizo hazifikii kodi ya nyumba, kwa hiyo ghalani nipo bado. Asubuhi napita barabara ya Clive Sullivan, winga mweusi kutoka Cardiff aliyekuwa nahodha wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la raga ya 13 mwaka 1972. Alichezea timu zote mbili kubwa za hapa, zisizopikika chungu kimoja, na pande zote zinamheshimu.

Nilimpigia Mama kumweleza.

"Kwa hiyo wanawaangusha mara sita, ndipo mnawapa mpira?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wanakulipa?"

"Kidogo."

"Waambie waongeze."