Kumbukumbu ya mradi: ngurumo ya haidrofoni imetulia, safari ya sita Matema

Baada ya miezi saba, na safari sita za kuteremka kutoka Uyole kupitia Tukuyu na Kyela hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hatimaye nimepata kwa haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, dakika 40 za sauti ya chini ya maji zisizo na ngurumo hata moja ndani yake. Naandika usiku huu huu niliorudi, nguo za ziwani zikiwa bado hazijakauka, kwa kuwa tatizo hili lilinila msimu mzima wa nyangumi na sitaki hatua yoyote ya namna lilivyokwisha inipotee.

Wanaoufuatilia mradi huu wa kunasa nyimbo za nyangumi wanakumbuka ulipokwamia. Septemba mwaka jana nilikuwa Msimbati, kwenye hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, katika kipindi ambacho nyangumi wa nundu wamekwisha kupanda kutoka Antaktika kuja kuzaa na kujamiiana katika maji ya joto ya pwani yetu. Dume mmoja aliimba mbele yetu kwa zaidi ya saa mbili. Nilimsikia kwa masikio yangu kupitia vipokea sauti, nikaamini kwamba kazi ya mwaka imekamilika. Nilipofungua faili nyumbani, nilikuta wimbo umetobolewa: kila baada ya sekunde nne hivi kulikuwa na pengo, kisha mguno, kisha pengo, kama kitambaa kilicholiwa na panya. Roger Payne na Scott McVay walipoonyesha katika jarida la Science, mwaka 1971, kwamba sauti za nyangumi hawa ni wimbo kamili, hoja yao yote ilisimama juu ya mpangilio wa sehemu zake na namna unavyojirudia. Wimbo wenye matundu hauwezi kulinganishwa na wa dume mwingine, wala na wa msimu uliopita. Nililia siku ile, na sioni sababu ya kuficha.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na lilizaliwa na marekebisho niliyojivunia. Sahani ya pizo ninayotumia, ile inayogeuza mtikisiko wa sauti kuwa umeme, ina kapasitansi ya nanofaradi 20 hivi, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye kinasa sauti chenye ukinzani wa kiloomu 10, kila kitu kilicho chini ya hezi 800, yaani mitetemo 800 kwa sekunde, kinaanza kufifia, na miguno mizito ya nyangumi iliyo chini ya hezi 100 inapotea karibu yote. Kwa hiyo kabla ya safari ya Msimbati niliweka priampu, kikuzaji kinachotangulia kinasa sauti, yenye resista ya megaomu 10, nikazifungulia mlango sauti nzito hadi chini ya hezi 1. Ninachokiona leo, na ambacho nilipaswa kukiona siku ile, ni kwamba mlango huohuo ndio ulioingiza bahari nzima. Haidrofoni iliyoning'inizwa kwenye boti hupanda na kushuka pamoja na boti, na kila sentimita 10 za kina zina kanieneo ya paskali 1,000 hivi. Sauti ya desibeli 120 kwa kipimo cha chini ya maji, ambayo ni wimbo unaosikika vizuri kabisa, ina paskali 1 tu. Priampu ilikuwa inasukumwa na wimbi kwa nguvu mara elfu moja kuliko ile ya nyangumi, inafika ukomo wake, inabaki imeganda hadi boti lishuke, na katika muda huo hainasi chochote.

Nilichelewa kuligundua hilo kwa sababu nilikuwa naangalia spektrogramu peke yake, ile picha inayopanga sauti kuanzia nzito chini hadi nyembamba juu. Raven ndiyo programu ninayoiamini kwa kupima sauti, na sitaibadilisha, lakini picha yake ilinionyesha mabaka meupe tu upande wa chini, nami nikayahesabu kuwa kelele za upepo. Ni Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo watafiti wengi tunaidharau kwa kuwa ni ya kila mtu, iliyonifungua macho nilipoutazama mstari wa wimbi la sauti lenyewe na kukuta vilele vyake vimekatwa bapa kama vimepigwa randa. Tangu siku hiyo sifungui Raven kabla sijautazama mstari huo. Wapo walionishauri kwamba nisafishe faili kwa kichujio cha kompyuta. Naheshimu ushauri wao, lakini kichujio hakirudishi kilichokatwa kabla hakijafika kwenye kadi.

Bahari iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, ilhali Ziwa Nyasa ni mwendo wa asubuhi moja, na wimbi la ziwani linamtikisa mtu sawasawa na la baharini. Safari ya kwanza na ya pili sitazieleza, kwa kuwa zilimalizwa na waya ulioingiza maji. Duka moja lilikuwa limeniuzia waya ulioandikwa kuwa na kinga ya shaba, ambao kwa ndani ulikuwa na karatasi ya bati tu.

Safari ya tatu ndipo nilipoanza kupambana na wimbi lenyewe. Nilikata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaufunga kati ya mtumbwi na haidrofoni ili umeze mtikisiko, na matokeo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Uzito wa haidrofoni na risasi za nyavu nilizoifungia, ukining'inia kwenye mpira ule, ulikuwa na bembea yake yenyewe, na bembea hiyo ililingana na mawimbi, kwa hiyo kila wimbi liliisukuma zaidi, kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea kwa wakati wake. Mzee mwenye mtumbwi, ambaye amevua ziwa hili tangu ujana wake, aliitazama kamba ikiruka kisha akaniambia, "Mwalimu, hii inataka kitu cha kuishika na maji." Nilikuwa nimekaa na hesabu zangu wiki mbili bila kulifikia neno hilo.

Kitu cha kwanza kuishika na maji kilikuwa mfuniko wa sufuria, uliolala bapa chini ya mpira ili kila kupanda na kushuka kukutane na ukinzani wa maji. Bembea ilitulia palepale, ila alumini ilikuwa inalia. Kila fundo lilipogusa ukingo wake nilipata mlio wa kengele uliojaa kwenye faili lote, na ulinipotezea safari ya nne yote. Safari ya tano nilikuja na kitako cha ndoo ya plastiki ya lita 20, kilichotobolewa matundu manne ya kamba, na plastiki hiyo haikutoa sauti hata chembe. Vilevile niliacha kuifunga haidrofoni kwenye mtumbwi. Sasa inaning'inia kwenye mstari wa maboya madogo ya nyavu, manane, ili wimbi linapoinua moja lisiwe limeinua yote, na mtumbwi unakaa pembeni ukiwa umeunganishwa kwa waya uliolegezwa tu.

Kilichobaki kilikuwa mngurumo mwembamba uliotokea kila tulipoachwa na upepo tukaanza kuelea. Huo ni waya wenyewe, kwa kuwa maji yanayopita kwenye waya uliokazwa huutetemesha kama uzi wa zeze. Nilifunga nyuzi za katani kila sentimita 20, zikining'inia kama manyoya, ili maji yasipate ukingo mmoja wa kuuchezea, nao ukanyamaza.

Katika safari hii ya sita nilibadilisha jambo moja tu la umeme: nimeitoa resista ya megaomu 10 na kuweka ya kiloomu 270, ambayo kwa sahani ya nanofaradi 20 huanza kufunga mlango kwenye hezi 30 hivi, kabla sauti haijakuzwa. Miguno ya nyangumi inapita, kupanda na kushuka kwa wimbi hakupiti. Mawimbi ya leo yalifika nusu mita, na mstari kwenye Audacity ulibaki mwembamba kama uzi mwanzo hadi mwisho. Tulipogonganisha mawe mawili ndani ya maji, mlio wa mgongano ulitokea safi, bila mkia. Boti la injini lililokuwa likielekea Ikombe, ambalo kwa macho lilikuwa doa tu chini ya Milima ya Livingstone, liliacha mistari yake kwenye spektrogramu, mmoja juu ya mwingine, kuanzia chini kabisa. Nilimpa mzee vipokea sauti. Alisikiliza kimya kwa muda mrefu, akataja jina la mwenye boti hilo, na boti lilipokuwa linarudi jioni tulihakikisha kuwa ndiye.

Mpango ulikuwa kwamba ngurumo ikiisha nihamie mara moja kwenye PAMGuard, programu ya kutafuta sauti za wanyama wa baharini ndani ya rekodi, nianze kuifundisha programu kutambua miguno ili nisisikilize mamia ya saa peke yangu. Nauweka kando kwa sasa. Kuanzia dakika ya 31 ya faili la leo, tulipokuwa juu ya miamba karibu na ufuko, kuna misukumo mifupi iliyofuatana haraka haraka, chini ya kilohezi 1, ikikoma na kuanza tena. Madume ya mbuna, samaki wale wa miambani wa ziwa hili, hutoa sauti za namna hiyo wanapowabembeleza majike, na safari tano zilizopita ngurumo yangu ilikuwa inawafunika. Nimeirudia sehemu hiyo mara kumi na moja tangu nifike nyumbani. Mimi ni mtu wa nyangumi na pomboo, nimesomea bahari, na sijawahi kufikiri kwamba ziwa la kwetu lingenishika hivi. Jumamosi ijayo nashuka tena na kamera ndogo ya majini, nione samaki na msukumo vikitokea pamoja.

Jaribio la chumvi, hata hivyo, siliahirishi, kwa sababu maji ya ziwani hayapitishi umeme kama ya bahari na waya unaoonekana mzima Matema unaweza kuvuja Msimbati. Pipa la lita 200 lipo tayari nyuma ya nyumba. Kesho nitanunua kilo 7 za chumvi, niizamishe haidrofoni humo kwa wiki mbili, nikipima ukinzani wake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.