Sifuri inayoficha ugumu

Fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu, haionekani kwenye eksirei wala kwenye kipimo cha damu, kwa hiyo uzito wake tunaupata kwa kumuuliza anayeumwa. Jioni hii bado nawaza juu ya FIQR, dodoso la mwaka 2009 la kupima jinsi ugonjwa huu unavyomwathiri mtu, lililofanyia marekebisho dodoso la FIQ la 1991. Lina maswali 21 kuhusu siku saba zilizopita, kila moja likijibiwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10.

Hesabu yake si ngumu. Majibu ya maswali tisa ya ugumu wa shughuli za kila siku hujumlishwa kisha hugawanywa kwa 3, mawili ya athari ya jumla huachwa yalivyo, na jumla ya kumi ya dalili hugawanywa kwa 2. Mwenye 54, 12 na 68 anapata 18 + 12 + 34, yaani 64 kati ya 100.

Mambo huharibikia kwenye shughuli. Chukua kubadilisha mashuka. Wiki nzima mgonjwa hakuyagusa, mtu mwingine alimfanyia, basi anaandika 0. Kumbe aliacha kwa sababu mikono ilimshinda! Maelekezo yanasema kama shughuli hukuifanya siku hizo saba, kadiria ugumu wa mara ya mwisho ulipoifanya. Kama huiwezi kabisa, weka 10. Inaniuma maelekezo hayo yanaporukwa, maana sifuri tatu za namna hiyo zinaweza kumpunguzia mtu hadi alama 10, na anayeonewa ni yule aliyezidiwa zaidi. Asomewe kwa sauti kabla hajashika kalamu.

Swali la nguvu nalo huchanganya watu: 0 ni nguvu tele, 10 ni kuishiwa kabisa. Anayesoma haraka huandika 8 akimaanisha anazo nyingi.

Kuhusu nafuu, kwa FIQ ya awali mabadiliko yenye maana kwa mgonjwa yalikadiriwa kuwa asilimia 14. Kwa mwenye 64 hiyo ni kama alama 9, hivyo kushuka hadi 61 hakunishawishi kwamba dawa imefanya kazi. Hata akifika 54, ningetazama kwanza zimeshuka wapi. Dalili zimebeba nusu ya alama zote; usingizi na maumivu vikitulia, jumla inapendeza huku mtu bado anashindwa kupanda ngazi au kukaa kitini dakika 45. Kwenye faili ziandikwe namba za sehemu zote tatu, na pembeni ile shughuli moja ambayo mwenyewe anatamani kuiweza tena.