Siku moja maishani mwangu: nafundisha watu kuimba

Saa 12 asubuhi. Kabla sijaongea na mtu yeyote natoa "aaa" ya chini kabisa, ile inayokwaruza kama mlango mkavu unaofunguliwa pole pole. Hiyo ndo rejista, yaani namna ya kutoa sauti, ya chini kuliko zote, nyuzi za sauti kooni zimelegea, fupi na nene, hewa inapenya kwa mapigo machache, chini ya 70 hivi kwa sekunde, ndo maana sikio linayasikia moja moja. Asubuhi inatoka kirahisi sana kwa sababu ukilala usiku kucha nyuzi zinavimba kidogo. Alafu maji, na dakika kumi za kuguna kupitia mrija.

Saa 3. Mwanafunzi wa kwanza, kijana wa kwaya anaimba sauti ya tatu. Akipanda kidogo juu ya do ya kati, ile C ya katikati ya piano, sauti inakatika, paa, na yeye akisikia hivyo anasukuma kwa nguvu zaidi, shingo inamtoka mishipa. Ameshaambiwa mara nyingi kwamba koo lake ni dhaifu na hilo kwa kweli linaniuma kwa sababu sio kweli hata kidogo! Nikamwambia aweke kidole chini ya kikoromeo, pale penye kishimo, alafu apandishe sauti taratibu. Akashtuka, kishimo kinajifunga. Ni msuli wa mbele unavuta magegedu mawili ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, yakaribiane, na yakikaribiana nyuzi zinavutwa zinakuwa ndefu na nyembamba, kwahiyo zinatetema haraka zaidi. Sasa kuna msuli mwingine uko ndani ya nyuzi zenyewe, huo kazi yake ni kuzifupisha na kuzinenepesha, ukitawala huo unapata sauti ya kifua, nyuzi zinagongana kwa unene wake wote na zinakaa zimefunga muda mrefu. Ukilegea, zinabaki kingo tu zinazotetema, hiyo ndo falseto, laini na yenye hewa hewa. Kukatika kwake ni msuli mmoja kuachia ghafla na mwenzake hajajiandaa, basi. Tukaanzia juu na "uuu" ya kimya kimya tukishuka kama king'ora, maana kushuka ni rahisi kujifunza kuliko kupanda.

Saa 7 mchana. Napumzika na huwa nikipumzika namfikiria Manuel García, alikuwa mwalimu wa kuimba sio daktari, lakini mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno na kingine cha mkononi, akaelekeza mwanga wa jua kooni mwake akaona zoloto lake mwenyewe likifanya kazi. Mwalimu wa kuimba! Madaktari wa koo wakaja kutumia njia hiyo hiyo. Aliishi hadi 1906, miaka 101.

Saa 9. Dada mmoja mwalimu wa darasani, sauti imekauka mwezi mzima. Haimbi, anaongea tu, na watu wanadhani kuongea hakuchoshi, wakati mwanamke akiongea kawaida nyuzi zake zinagongana kama mara 200 kila sekunde, mwanaume kama 120, na ukipaza sauti zinagongana haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Sikumfundisha kitu. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu nne hivi lazima daktari wa koo aangalie kwa kamera, nikamwambia hivyo na nikamuomba sana asiahirishe.

Saa 11 watoto wa kwaya, nilirudia yale yale ya king'ora tu.

Saa 2 usiku. Kijana wa asubuhi amenitumia rekodi. Bado inakatika pale pale, ila shingo haikazi tena, unasikia kabisa hasukumi, nimeisikiliza mara tatu. Nimemjibu aache kwa leo, anywe maji alale.